Ukungu wa Vitabu

Kiswahili kimeviita vitu viwili kwa jina moja. Ukungu ni ule utando mweupe ulalao bondeni alfajiri, ukatoweka jua likipanda. Na ukungu ni ule mwingine uotao juu ya mkate uliolala, juu ya kiatu cha ngozi kilichosahauliwa mvunguni, na juu ya jalada la kitabu. Wako wanaouita huu wa pili koga, ili kuutenga na wa kwanza, lakini neno la watu wengi ni ukungu, na aliyelitumia mara ya kwanza hakukosea kutazama, maana vyote viwili huzaliwa na unyevu katika hewa iliyotulia. Ila ukungu wa bondeni huondolewa na jua bila ya mtu kujishughulisha, na huu wa vitabu hauondoki pasipo kazi. Kazi hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ni habari za watu waliotafuta dawa mahali palipohitaji hewa.

Yafaa kuanza na chumba ambacho walimu wengi wa pwani wanakijua. Kalenda ya shule za Kenya kwa miaka mingi imeweka likizo katika mwezi wa Aprili, na Aprili, kwa mtu wa Mombasa au Malindi, ni mwezi wa masika. Wanafunzi huenda makwao. Mwalimu wa maktaba hufunga madirisha ili mvua isiingie, hutia kufuli mlangoni ili vitabu visiibwe, na ufunguo hupelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Chumba hukaa majuma kadha wa kadha katika giza na joto. Siku mlango unapofunguliwa, kinachotangulia kutoka ni harufu. Ndipo macho huona: vitabu vilivyojalidiwa kwa kitambaa vimepata madoa ya kijivu na ya kijani, vile vilivyobanwa ukutani vimeshikana, na katika rafu ya chini, ambako ndiko kwenye kamusi na atlasi kubwa, kurasa zimejikunja na kuota vinyweleo. Agizo la kwanza huwa ni kutafuta dawa. La pili ni kuwaita watoto waje na vitambaa wapanguse. Maagizo yote mawili yana kasoro, na kila kasoro ina asili yake.

Ukungu si uchafu, ingawa huonekana hivyo. Ni kiumbe hai wa jamii ya uyoga, na vijimbegu vyake havikosekani katika hewa ya chumba chochote duniani, kiwe kisafi namna gani. Vijimbegu hivyo hulala vikingoja. Hewa ikishika unyevu wa asilimia 65 au 70 na kuzidi, ikakaa hivyo siku nyingi bila kupitapita, huanza kuota. Karatasi ikilowa kabisa, siku mbili au tatu zatosha. Chakula chake ni wanga wa gundi, wanga uliotiwa katika kitambaa cha jalada ili kukikaza, ngozi, karatasi yenyewe, na mafuta yaliyoachwa na vidole vya wasomaji. Kitabu, kwa ukungu, ni chakula kilichokwisha kuandaliwa; kilichobaki ni maji tu. Na katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki unyevu wa hewa hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka, hata nje ya masika.

Watu wa kale waliyajua mambo haya kwa kuyaona, ingawa sababu hawakuijua. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, katika kitabu cha sita cha vitabu vyake kumi juu ya ujenzi, aliagiza kwamba maktaba ielekee mashariki. Alitoa hoja mbili: mwanga wa asubuhi huwafaa wasomaji, na maktaba zinazoelekea kusini na magharibi huharibiwa na pepo zenye unyevu, ambazo hulea wadudu na kuvitia vitabu ukungu. Agizo hili limenakiliwa mara nyingi na watu waliolisoma upesi. Upepo wenye maji wa Roma si upepo wenye maji wa Unguja, na mtu anayejenga maktaba pwani hana budi kuuliza kusi huvuma wapi na kaskazi huvuma wapi kabla ya kumfuata Mrumi. Kilicho cha thamani katika agizo lile si mashariki, bali ni kule kutambua kwamba ugonjwa wa vitabu huletwa na hewa, na kwamba tiba yake huanza kwa mjenzi kabla haijafika kwa mganga.

Aliyeutazama ukungu kwa karibu kwa mara ya kwanza, na akauchora, aliukuta juu ya kitabu. Huyu ni Robert Hooke, Mwingereza, aliyetoa mwaka 1665, kabla hajatimiza miaka thelathini, kitabu chake kiitwacho Micrographia, chenye picha za vitu vidogo kama alivyoviona kwa hadubini. Miongoni mwa picha hizo mashuhuri za kiroboto, za chawa na za kipande cha kizibo, imo picha ya ukungu alioutoa juu ya jalada jekundu la ngozi ya kondoo la kitabu kidogo. Kwa macho matupu lilikuwa doa jeupe tu. Chini ya hadubini likawa kama kichaka cha uyoga, mashina membamba yenye vichwa vya mviringo. Basi picha hii ya viumbe wadogo kiasi hicho, iliyo miongoni mwa za kwanza kabisa kuchapwa duniani, ilitoka katika jalada la kitabu ambacho pengine mwenyewe alikiacha mahali penye unyevu. Na wanafunzi wengi wanaosoma habari za Hooke katika somo la elimu ya viumbe hawaambiwi jambo hili.

Hooke aliona, lakini alikosea katika kueleza. Alitafuta mbegu asizione, akahukumu kwamba ukungu hauhitaji mbegu, huzaliwa na kuoza kwenyewe. Hukumu hiyo ilikaa hata mwaka 1729, wakati Pier Antonio Micheli, aliyetunza bustani ya mimea ya Florence, katika Italia, alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mimea mipya. Micheli alichukua vumbi la ukungu, akaliweka juu ya vipande vya tikiti na vya matunda mengine, akangoja. Ukungu ulioota ulikuwa wa aina ile ile aliyoipanda. Aina moja aliyoiona ilimkumbusha chombo ambacho padre hunyunyizia maji ya baraka, akaiita Aspergillus, jina linalotumika hata leo kwa jamii ya ukungu ionekanayo sana katika maktaba. Alichothibitisha ni kikubwa kuliko jina: ukungu hupandwa. Huwezi kuuzuia kwa kuchukia uchafu, wala hautoki ndani ya kitabu. Huingia kwa hewa, na huota ukikaribishwa.

Mji huo huo wa Micheli ndio uliokuja kupata msiba mkubwa kuliko yote katika habari za vitabu na maji. Tarehe 4 Novemba 1966 ilikuwa siku ya mapumziko ya taifa katika Italia. Ofisi zilifungwa, maduka yalifungwa, na watu walikuwa majumbani. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mto Arno ulijaa, na asubuhi ukavunja kingo na kuingia mjini. Maktaba Kuu ya Taifa imesimama ukingoni mwa mto. Maji yaliingia katika vyumba vya chini, nayo hayakuwa maji matupu: yalichanganyika na matope, na maji machafu ya mifereji, na mafuta mazito yaliyokuwa yamewekwa majumbani kwa ajili ya kupasha moto wakati wa baridi. Vitabu na karatasi zaidi ya milioni moja vililowa. Humo mlikuwamo sehemu ya hazina ya Antonio Magliabechi, mpenda vitabu aliyekufa mwaka 1714 na kuwaachia watu wa mji ule vitabu vipatavyo 30,000. Mlikuwamo pia magazeti ya miaka mingi, ambayo mara nyingi ndiyo yanayosahauliwa katika masimulizi, ingawa nakala nyingine za baadhi yake hazikuwako.

Mkuu wa maktaba, Emanuele Casamassima, alikuwa na siku chache tu. Maji yalipopungua, hesabu ya ukungu ilikuwa imeanza. Wakaja vijana, wengi wao wanafunzi, wa Italia na wa nchi nyingine, bila kuitwa kwa barua wala kulipwa. Wakasimama mstari mmoja katika ngazi tokea chini hata juu, na kitabu kikapita mkono hata mkono kutoka matopeni. Waitaliani wamewaita malaika wa matope. Jina ni zuri, lakini linaficha ugumu wa kazi yenyewe, maana walifanya kazi katika harufu ya mafuta na ya mifereji, wengi wakiwa wamevaa vinyago vya kuzuia gesi, na ukungu uliwaota mbele ya macho yao katika vitabu ambavyo zamu yake haijafika. Karatasi za kunyonya maji zilitiwa kati ya kurasa, zikatolewa, zikatiwa nyingine. Vitabu vilipakiwa katika magari na kupelekwa vijijini kukaushwa katika tanuri za tumbaku. Vingi viliokoka huko. Vingine joto lilivizidi, majalada ya ngozi yakajikunja na kuwa magumu, na matope yaliyokaukia kati ya kurasa yakawa kama saruji.

Wajalidi na mafundi wa karatasi walikuja pia kutoka nchi nyingine, na miongoni mwa Waingereza aliyejulikana zaidi ni Peter Waters. Hawa waliigawanya kazi kama kiwanda kinavyoigawanya: kuna wa kufungua mishono, wa kuosha, wa kukausha, wa kushona upya, na kila kitabu kikafuatana na kadi yake yenye kueleza hali yake na kazi iliyofanyika. Katika kadi hizo ndimo elimu mpya ilimozaliwa. Kabla ya hapo ufundi wa kutengeneza vitabu vya kale ulikuwa siri ya fundi mmoja na mwanafunzi wake. Baada ya Florence ukawa ni elimu yenye maandishi, inayoweza kufundishwa na kupingwa. Nusu karne baadaye kazi ya vitabu vya gharika ile ilikuwa bado haijakwisha.

Somo moja lililotoka huko lilikuwa la baridi. Mafundi walitambua kwamba adui wao si maji bali ni muda, na kwamba kitabu kilicholowa kikigandishwa upesi, ukungu husimama pale pale ulipofika, ukangoja zamu pamoja na kitabu. Katika miaka ya sabini njia hiyo ilianza kutumiwa Marekani, nayo sasa ni ya kawaida penye majokofu makubwa. Penye uhaba wake, mikono ya watu imefaa. Maktaba ya Chuo cha Sayansi cha Leningrad ilipoungua mwezi wa Februari mwaka 1988, maji ya kuzimia moto yalivilowesha vitabu vingi kuliko vile vilivyoteketea, na wakazi wa mji walichukua vitabu vilivyolowa wakaenda navyo nyumbani, wakavikausha jikoni na juu ya kamba, kisha wakavirudisha.

Habari ya dawa haipendezi hivyo. Kwa muda mrefu wa karne ya ishirini maktaba kubwa zilikuwa na sanduku au chumba cha kufukizia vitabu. Wengine walifukiza kwa thimoli, ambayo asili yake ni mafuta ya zaatari. Wengine kwa fomalini. Na wenye fedha kwa gesi iitwayo ethilini oksaidi, ambayo huua ukungu kwa hakika. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia gesi hiyo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuwapa binadamu saratani, na fomalini ikafuata baadaye. Watu waliofukiza hawakuwa wazembe. Walitumia kilichosifiwa na elimu ya siku zao. Kosa lilikuwa jingine, nalo lingeweza kuonekana hata bila ya elimu ya saratani: kitabu kilichofukizwa kikirudishwa katika chumba kile kile chenye unyevu ule ule huota tena, kwa sababu vijimbegu vya Micheli vimo hewani.

Katika makoloni ya nchi za joto dawa ilikuwa kali zaidi. Maelekezo ya kiserikali na ya maktaba yalitoa dawa ya kupaka majalada, yenye spiriti na chumvi ya zebaki, kwa ajili ya kuwafukuza mende na kuzuia ukungu. Hata Wilfred Plumbe alipotoa, mwaka 1964, kitabu kizima juu ya kuhifadhi vitabu katika nchi za joto, suala la sumu lilikuwa halijakwisha. Zebaki haiozi wala hairuki yote. Shule iliyorithi kabati la vitabu vya siku hizo yaweza kuwa na majalada ambayo hayafai kupanguswa na mtoto kwa kiganja kitupu, na hapo kasoro ya agizo la pili, lile la vitambaa, inaonekana wazi.

Na waandishi wa pwani wenyewe walifanyaje, ambao hawakuwa na tanuri wala zebaki? Jibu lao kubwa lilikuwa kunakili. Nakala ya Utendi wa Tambuka iliyoandikwa mwaka 1728 hutajwa miongoni mwa hati za Kiswahili za kale kabisa zilizosalia, na hati nyingi tulizo nazo ni za karne ya kumi na tisa na baada yake, ingawa tungo zake ni za zamani zaidi. Karatasi ilikufa, utungo ukahamia karatasi nyingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya arobaini ya karne ya ishirini, aliziandika upya tendi na mashairi mengi kwa hati yake nzuri, nyingine kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, ndiyo maana baadhi ya kazi za mkono wake leo zimo London na Ujerumani. J.W.T. Allen alipokusanya hati kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa mwaka 1970, alikuta mali ambayo imeokolewa si kwa kufungiwa bali kwa kusomwa, kuimbwa na kuandikwa tena. Njia hii ina hasara yake, kwa kuwa mnakili hubadili maneno, na mtaalamu wa leo hulalamika. Lakini hulalamika akiwa na utungo mkononi.

Mfano wa karibuni unatoka Mali. Watu wa Timbuktu wa zamani hawakusumbuliwa sana na unyevu. Hati zao zilikaa karne nyingi majumbani, katika hewa kavu ya ukingo wa jangwa, zikisumbuliwa na mchwa na mchanga kuliko ukungu. Mwaka 2012 mji ulipotekwa na wapiganaji waliokuwa wakibomoa makaburi ya mawalii, Abdel Kader Haidara na wenzake walizitoa hati kwa siri, zikiwa zimefungwa katika masanduku ya bati, kwa magari na kwa mashua, hata Bamako. Zilinusurika moto. Bamako, hata hivyo, ina miezi ya mvua, na masanduku ya bati yaliyoshonana katika chumba kimoja ni kitanda kizuri cha ukungu. Ikabidi fedha zitafutwe upya, safari hii kwa ajili ya mashine za kukausha hewa. Mwaka 2025 serikali ya Mali ilipoanza kuzirudisha hati Timbuktu, unyevu wa Bamako ulitajwa kuwa mojawapo ya sababu.

Basi mwalimu aliyesimama mlangoni mwa maktaba ya shule, ufunguo mkononi, hayuko mbali sana na Casamassima, ila ana nafasi kubwa zaidi. Dawa hahitaji. La kwanza ni kuvitenga vitabu vilivyoota katika chumba kingine, wala visipanguswe vingali vibichi, maana ukungu mbichi ukisuguliwa huingia ndani ya kitambaa na kuacha doa la kudumu. Vikae wima, vimefunguliwa kidogo, penye kivuli na upepo, hata vikauke. Jua kali la mchana hukausha upesi lakini hupausha majalada na kuzikunja karatasi. Vikikauka, ukungu huwa vumbi, na vumbi hilo huondolewa nje ya jengo kwa brashi laini, kwa kusukuma mbali na uso, na mtu mzima aliyeziba pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Mtoto mwenye pumu asikaribie kabisa. Wakati huo rafu zisogezwe zikae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, vitabu visibanwe, na rafu ya chini iachwe tupu. Madirisha yafunguliwe saa za mchana, siku zisizo na mvua, ambapo hewa ya nje huwa kavu kuliko nyakati nyingine, yakafungwa kabla ya magharibi. Kipima unyevu cha kutundika ukutani hakizidi sana bei ya kamusi moja.

Gumu zaidi ni kuchagua. Kitabu cha kiada chenye nakala arobaini na mtaala wake umekwisha kubadilishwa hakistahili mapafu ya mtu. Kifungwe katika mfuko, kitupwe. Walimu wengi huona haya kutupa kitabu, na haya hiyo ni ya heshima, lakini imeziharibu maktaba nyingi, kwa kuwa kimoja kilichooza huachwa kati ya kumi vilivyo salama. Kwa upande mwingine, katika kabati hilo hilo mara nyingi mna daftari la matukio ya shule la miaka ya hamsini, magazeti ya wanafunzi yaliyopigwa chapa kwa mkono, na orodha ya walioandikishwa mwaka shule ilipofunguliwa. Hayo hayana mgongo mzuri wala jalada la kitambaa, na yule anayepanga kwa macho huyatupa kwanza. Nakala yake nyingine haipo popote. Yakaushwe kabla ya kamusi, na yakikauka yapigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, kama Kijuma angalivyofanya kwa kalamu.

Kisha likizo ya Aprili itarudi. Hofu ya wezi ina haki yake, na hakuna mwalimu atakayeacha mlango wazi majuma manne. Lakini mlinzi wa shule hukaa hapo likizo nzima, mchana na usiku, na dirisha la maktaba linaonekana kutoka kibandani kwake. Anaweza kupewa ufunguo wa pili, na daftari dogo la kuandika siku alizofungua.